Miguu Isiguse Sakafu

Corbett Fork, West Virginia
17 Februari

Mdogo wangu Verna,

Kuna watu waliozaliwa na vidole kumi, na kuna kaka yako aliyezaliwa na vidole kumi pamoja na bahati. Kaa chini usikie. Miaka ishirini na tisa nimeendesha lori la magurudumu kumi na manane, majimbo arobaini na manane, nimepita theluji, kimbunga, mke wa kwanza na mke wa pili, na sijakwaruza hata kioo cha pembeni. Jumamosi zimamoto wa kujitolea walikaanga kambare wakachezesha bahati nasibu. Tiketi mia mbili na kumi na mbili. Mimi nilinunua moja, tena kwa kubembelezwa. Nimerudi nyumbani na mtoto wa mbwa.

Umesoma vizuri. Labrado jike, wiki nane, miguu mikubwa kama kaazima kwa mbwa mwingine. Nimemwita Gravy, maana ana rangi ya ule mchuzi wa unga na maziwa wa Mama, hasa siku ulipoungua kidogo. Wanaume wazima walininunia. Orrin Speck alisema mbwa apewe mtu anayeweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Nikamwambia mimi siinami, viatu vyangu ndivyo vinavyonyanyuka kunifuata.

Sasa mpango. Ulisema watu wa parole, wale wanaosimamia wafungwa wakiachiwa, wanataka kujua ukitoka tarehe mosi Agosti utalala wapi na utafanya kazi gani. Utalala kwangu, chumba cha Mama, nimeshakipaka rangi. Nusu. Nusu nyingine iko njiani. Na kazi unayo. Wewe umelea mbwa kumi na mmoja wa kuongoza vipofu ukiwa nyuma ya nyaya, na mji huu umejaa mbwa wasiojua hata kukaa. Gravy ndiye atakuwa tangazo lako. Mtu akimwona mbwa ametulia dukani, matoroli yanapita, watoto wanalia, yeye kimya kama shemasi, lazima aulize nani kamfundisha. Nami nitajibu huku nimevuta suruali juu: dada yangu, anakuja Agosti.

Ila sijui pa kuanzia. Mbwa wangu wa mwisho alijifundisha mwenyewe, na alichojifundisha ni wizi. Niandikie. Kuja huko siwezi kwa macho haya, sukari imeyala, daktari ananiruhusu barabara za kaunti tu. Na ile simu ya gerezani inayokata mtu katikati ya neno, hata mimi inanishinda.

Kaka yako mwenye nyota,
Delbert


Gereza la Wanawake, Bweni C
23 Februari

Kaka Delbert,

Nimesoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nikaogopa, maana nakujua.

Sikiliza, na safari hii usijifanye unajua. Akili ya mtoto wa mbwa iko wazi hadi wiki ya kumi na mbili, ikizidi sana kumi na nne. Anachokutana nacho kabla ya hapo anakizoea. Asichokutana nacho atakiogopa hadi uzee. Kwa hiyo huna muda. Mpeleke kwenye maduka yanayoruhusu mbwa: duka la pembejeo la Tansey, duka la bustani, lile duka kubwa la wanyama la barabara kuu. Akutane na watu mia moja. Mwenye ndevu, mwenye kofia, mwenye fimbo, mwenye kiti cha magurudumu, mtoto anayelia, mlango unaojifungua wenyewe. Kila mtu ampe kipande kidogo cha kuku kutoka mfukoni mwako. Akirudi nyuma, usimsukume mbele. Ngoja.

La muhimu kuliko yote nalipigia mstari. Miguu yake isiguse sakafu ya duka lolote mpaka apate chanjo ya tatu, katikati ya Aprili. Sakafu za maduka hukanyagwa na mbwa wa kila mtu, na virusi vya parvo hukaa hapo miezi, huvioni wala huvinusi. Chukua toroli, tandika blanketi, mweke ndani. Ataiona dunia akiwa ndani ya toroli, na inamtosha. Mwaka wa pili tulipoteza hapa watoto watatu wa mbwa, wa tumbo moja. Sitaki kukueleza walivyokufa.

Kwa Ballard usiende. Najua wanaruhusu mbwa, tangu zamani waliruhusu. Lakini Ardith Coyle yuko kaunta pale, na miaka kumi na saba si kitu kwa mama. Wade wake alikuwa na miaka kumi na tisa, anatembea kando ya barabara kutoka maonyesho, na mimi nilikuwa kwenye usukani na chupa katikati ya mapaja. Hiyo ndiyo habari yangu katika mji huo, sina nyingine.

Utanicheka kwa hili. Sijaingia dukani tangu nikiwa na miaka thelathini na minne. Wanaotoka na kurudi wanasema siku hizi mtu anajilipia kwenye mashine, hakuna mhudumu. Wanasema milango ni mingi na hakuna anayekuambia pita. Mwenzangu mmoja alitoka mwezi wa Oktoba, akasimama mbele ya rafu ya sabuni mpaka akalia, akarudi nyumbani bila sabuni. Ukienda na Gravy, niandikie kila kitu kana kwamba unanipitisha mimi. Akili yangu ilishafungwa zamani, lakini huenda umebaki ufa.

Verna


Corbett Fork
1 Machi

Verna,

Jana mji huu ulitembelewa na malkia, na dereva wake nilikuwa mimi.

Kwa Tansey. Mlango pale haujifungui, unausukuma kwa makalio kama zamani, hapo hutapata shida. Ndani harufu ni ileile ya molasi na mpira wa mabuti. Nilichukua toroli lenye gurudumu moja linalolia, makusudi, azoee kelele. Nikatandika blanketi la bluu la Mama. Unaona navyokusikiliza? Mke wangu wa pili angeiona siku hii asingeondoka.

Watu ishirini na watatu. Nilihesabu. Mzee Hatch na zile ndevu zake zinazoweza kuficha kuku, Gravy alizinusa akapiga chafya. Mwanamke mwenye fimbo. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza alipomwona, sijui nani alikuwa anamzoesha nani. Nilimwambia kila mtu: mwalimu wake ni dada yangu, anakuja Agosti. Wengine walitazama viatu vyao, sitakuficha. Lakini wawili waliuliza kama utachukua mbwa mkubwa.

Orrin Speck naye alikuwepo, ameegemea magunia ya chakula cha kuku na wapambe wake. Akasema mbwa gani huyo asukumwe kama viazi, labda ni kilema. Watu wakacheka. Sasa wewe unanijua. Basi Gravy akawapitia wote kwa maringo, mkia juu, kutoka kwenye magunia mpaka kaunta na kurudi, kama bibi harusi anayejua kapendeza. Ndani ya toroli, usianze.

Wiki ijayo duka la bustani.

Delbert, dereva wa malkia


Gereza la Wanawake, Bweni C
8 Machi

Kaka,

Barua yako imesomwa bweni zima. Nilianza kumsomea Marvella peke yake, anayelala kitanda cha juu yangu, mara wakawa tisa. Ile ya ndevu za mzee Hatch nimeirudia mara tatu.

Marvella hatatoka, unajua, yeye ni wa maisha. Amechukua karatasi akaibandika ukutani kwa dawa ya meno, akachora mistari ishirini na mitatu. Anasema akifika mia atamwokea Gravy keki kwa biskuti na maziwa ya unga. Kila siku ya posta ananiuliza "mtoto wetu" amefika wapi.

Nami nimefanya jambo la kijinga. Jana nilifunga macho nikausukuma mlango wa bafu kwa makalio, nikajiambia hapa ni kwa Tansey.

Umeniambia mengi na umefuata nilichokuomba. Si kawaida yako. Asante.

Verna


Corbett Fork
27 Machi

Verna,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa na mafua, yale ya kulala kifudifudi. Nimepona.

Duka la bustani. Limekuwa kubwa, wameongeza nyumba ya vioo nyuma. Mlango unajifungua wenyewe. Ukikaribia hatua nne hivi unaguna kidogo kisha unateleza kando. Usikimbie, una subira, haukufungii. Ndani kuna joto, miwani inaingia ukungu. Kuna chemchemi ndogo ya umeme inayomwaga maji hayohayo kutwa. Matoroli yao ni mapana, yana sakafu ya wavu, ukitandika blanketi halitelezi. Mhudumu ni msichana mwenye pete puani, anasema habari kwa kila mtu, huna haja ya kumjibu kirefu.

Watu kumi na saba. Jumla arobaini.

Delbert


Gereza la Wanawake, Bweni C
10 Aprili

Kaka,

Marvella ameongeza mistari. Ule mlango wako unaoguna nimeuota, na katika ndoto nilipita.

Lakini umenieleza mlango ukasahau mbwa. Masikio yake yalikuwa wapi ulipofunguka? Mbele, kando, au yamelala nyuma? Mkia je? Alikula kuku wako au alikataa? Mbwa anayekataa chakula anaogopa, hata kama amekaa kimya. Usinifiche akiogopa. Hilo linatibika nikijua mapema.

Na tutumie picha. Moja tu. Wenzangu wameanza kubishana kama mchuzi ulioungua ni kahawia au kijivu.

Chanjo ya tatu ni wiki hii. Usisahau.

Verna


Corbett Fork
21 Aprili

Verna,

Masikio mbele. Mkia katikati. Alikula.

Picha sina. Simu yangu ni ile ya kubonyeza, na kamera ya Mama nimeifungua nikakuta buibui kajenga nyumba ndani, familia nzima, sikuwa na moyo wa kuwahamisha.

Sasa lile duka la barabara kuu. Hilo litakutisha, kwa hiyo sikiliza polepole. Milango ni miwili, mmoja nyuma ya mwingine, katikati kuna kijichumba cha hewa ya moto. Usisimame hapo, endelea. Ndani taa ni nyingi kama chumba cha upasuaji. Chakula cha mbwa kina rafu kumi na nne. Mimi pia nilisimama, Verna. Nilisimama mbele ya mifuko ya chakula cha mbwa wachanga muda mrefu, mpaka mtu akaniuliza kama naumwa. Kwa hiyo yule mwenzenu wa sabuni msimcheke.

Mashine ya kujilipia inaongea. Inasema weka bidhaa kwenye mfuko. Ukiweka, inakuambia umeweka kitu kisichojulikana. Nikaiambia nimeishi na wanawake wawili wa aina yako. Msichana akaja, akapitisha kadi yake, ikanyamaza. Ujue hivyo tu: yupo mtu. Wanamficha, lakini yupo.

Ishirini na wanne. Jumla sitini na wanne.

Delbert


Gereza la Wanawake, Bweni C
5 Juni

Kaka Delbert,

Barua zako tatu za mwezi uliopita nimezilaza kitandani nikazisoma kwa mpangilio, na nimeona jambo. Kila duka, Gravy yumo torolini. Kwa Tansey torolini, duka la bustani mara ya pili torolini, hata kwa yule muuza mabuti. Kaka, huyo mbwa ana miezi mitano na nusu. Labrado wa umri huo ukimbeba ni mzito kama gunia la unga, ukimweka torolini nusu yake inaning'inia nje. Na hujasema lolote kuhusu meno. Anayabadilisha sasa, ungeyakuta kwenye zulia, ungejisifu.

Kosa ni langu. Nilikutisha mno na ile parvo, nikapiga mstari, sasa unaogopa kumteremsha. Chanjo ya tatu imepita. Mteremshe. Miguu yake iguse sakafu, ajifunze vigae, ajifunze kuteleza. Nimekupa amri nzito nawe ukaitii, mara yako ya kwanza maishani, na nimeishia kumharibu mbwa kwa woga wangu. Nisamehe.

Sasa jambo zito. Wameniletea karatasi. Mpaka tarehe thelathini niweke sahihi nitakakopelekwa: nyumbani kwako, au nyumba ya mpito ya waliotoka gerezani kule Charleston, ambako kuna kitanda na kazi ya kufua. Charleston hakuna anayenijua. Corbett Fork kuna wewe na Gravy, na kuna Ardith Coyle.

Si kwamba naogopa atanitukana. Naogopa nitamkuta kwenye njia ya duka, bila kujiandaa, mimi na toroli langu, na yeye na lake, na nitageuka nikimbie, kisha nitakuwa mtu wa kukimbia mpaka nife. Mbwa angesaidia. Watu humtazama mbwa kwanza. Mtu hupata muda wa kupumua.

Marvella anasema niende nyumbani. Mimi nina kalamu mkononi na sijui.

Verna


Corbett Fork
18 Juni

Verna,

Njoo nyumbani.

Nimekwenda kwa Ballard. Ulinikataza, nami nimekwenda. Ardith alikuwa kaunta ya kwanza, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alitoka nyuma ya kaunta akamshika Gravy kichwa, akamkuna nyuma ya sikio. Akauliza ni wa nani. Nikasema wa Verna. Akasema mbwa ametulia, aliyemlea ana mkono mzuri. Akauliza unatoka lini. Nikamwambia. Akasema haya.

Haya, Verna. Kwa Ardith Coyle hiyo ni hotuba.

Weka sahihi.

Delbert


Gereza la Wanawake, Bweni C
27 Juni

Kaka yangu,

Nimeweka sahihi. Nyumbani.

Nilipofika pale aliposhika kichwa cha Gravy, sikuweza kuendelea. Marvella alinimalizia barua, naye si msomaji, ilichukua muda mrefu. Kisha akaenda ukutani akachora mstari mmoja mrefu kuliko yote, akasema huyu anahesabika kumi.

Afisa anasema karatasi inaweza kubadilishwa mpaka tarehe ishirini Julai, kisha basi. Nimemwambia haibadilishwi.

Nakuomba hili. Basi linafika tarehe mosi Agosti saa tano asubuhi. Usinipeleke nyumbani kwanza. Nipeleke moja kwa moja kwa Ballard, na Gravy awe na kamba yake. Mahakamani wakili alinikataza kumtazama Ardith usoni, nami nikatii, na kwa miaka kumi na saba hilo ndilo nililojutia karibu sawa na kosa lenyewe. Nitasimama mbele yake, mbwa akiwa katikati yetu, niseme jina la Wade kwa mdomo wangu. Kama alimkuna mbwa, ataniacha nimalize sentensi moja.

Sijawahi kuwa na siku ya kuingoja. Sasa ninayo.

Dada yako,
Verna


Corbett Fork
12 Julai

Verna,

Kabla hujaendelea, mwite Marvella akae karibu nawe. Usiwasomee bweni zima.

Gravy alikufa tarehe tisa Machi.

Nilimweka chini. Siku ileile kwa Tansey. Orrin Speck aliposema kilema na watu wakacheka, nilimtoa torolini nikamweka sakafuni atembee waone. Alitembea. Ile sehemu ya maringo na mkia juu ni kweli, yote ni kweli, isipokuwa pale nilipoandika ndani ya toroli. Haikufika dakika mbili. Alilamba kitu karibu na magunia. Nikamrudisha nikamfunika blanketi, nikaangalia kushoto na kulia kana kwamba wewe upo pale.

Siku ya sita alikataa kula. Siku ya saba alianza kuhara damu. Daktari wa wanyama alimtundikia dripu siku mbili, akaniambia niende nyumbani, sikwenda. Uliniambia hutaki kunieleza wanavyokufa. Sasa najua kwa nini. Aliendelea kutikisa mkia nikimsemesha, kwa hiyo ikafika mahali nikanyamaza ili asijichoshe. Barua yako ya kuwaambia bweni zima habari za ndevu za Hatch ilifika siku tatu baada ya kumzika.

Nilikaa nayo wiki mbili. Nikajiambia nitakuambia ukitoka. Ukishaiona nyumba, ukishakula. Nikaona kwamba uliyekuwa unapita ile milango ni wewe, si mbwa, na nikisema amekufa nawe utabaki mlangoni. Basi nikaenda. Kila duka nililokuandikia niliingia kweli, Verna, nikachukua toroli, nikatandika blanketi la bluu, nikasukuma. Halikuwa na kitu. Wale watu baada ya ishirini na watatu ni watu kweli, niliwahesabu wakinitazama. Msichana mwenye pete puani aliniuliza kama blanketi ni la kununua. Kule barabara kuu, mbele ya ile mifuko, sikusimama kwa sababu ya taa.

Na ndiyo sababu hakutoka torolini. Sikuogopa parvo. Nilichokuwa nakiona kila siku ni toroli, sikuweza kuona mbwa mkubwa. Kisha ukaniomba msamaha. Barua ile niliiweka kwenye droo nikaifunga, na siku nne sikuifungua.

Kuhusu Ardith nilidanganya kila neno. Sikuwa nimeingia kwa Ballard tangu mwaka ule.

Leo nimeingia. Nilikwenda kumwomba, sikufichi, nilikwenda kumwomba aseme ndiyo, akubali kwamba alimkuna mbwa, ukija uikute hivyo. Nilimweleza yote pale kaunta na watu wakiwa nyuma yangu. Yeye ni mtu wa tatu kuambiwa, baada ya daktari wa wanyama na shimo nililomzikia. Aliniacha nimalize. Nakuandikia alivyosema, sipunguzi wala siongezi.

Alisema, "Wewe Delbert angalau ulikuwepo alipokufa."

Kisha akasema, "Mwambie kabla hajapanda hilo basi. Mimi habari za Wade niliambiwa kwenye foleni ya mkate, na mtu aliyedhani nimeshajua."

Nikamuuliza kama ningekuandikia kwamba atakusikiliza. Akasema hapana. Akasema hataki kukuona mlangoni pale, na nikiandika kwamba amelainika nitakuwa nimekudanganya tena, na safari hii kwa jina lake. Akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Basi. Barua hii naipeleka posta ya kaunti mwenyewe, wanasema itafika kwako tarehe kumi na sita. Una mpaka ishirini kubadilisha karatasi. Charleston kuna kitanda na hakuna anayekujua. Hapa kuna chumba cha Mama, nimemaliza kukipaka rangi, na kuna mimi, na mbwa hakuna. Mwanamke wa kwa Ballard hajakusamehe. Chagua ukiwa na hayo, usichague kwa yale niliyokuandikia. Ukichagua Charleston sitanuna. Ukija, nitakuwa kituoni saa tano.

Marvella afute mistari kuanzia wa ishirini na nne, au aiache, sijui kanuni zake.

Na ile tiketi haikuwa yangu. Aliyeshinda ni Orrin Speck. Alimtazama mbwa akasema ni mdogo mno, dhaifu, hamchukui, na mimi nikamfuata mpaka kwenye gari lake nikamwomba. Ndiyo maana siku ile nilitaka amwone akitembea.

Sina bahati, Verna. Sijawahi kuwa nayo. Ile barua ya Februari ilikuwa uongo tangu mstari wa kwanza.

Delbert